Mwanangu ana usonji, hashibi, mawazo yake yote ni chakula, wenzangu mnafanyaje?

mamaK_tabata

Habarini za jioni ndugu zangu, sitaki niwachoshe ila hili jambo limenifika kooni. Mwanangu wa kiume ana miaka 8, aligundulika na usonji akiwa na mitatu, haongei sana, ana maneno yake machache na mengine anakuvuta mkono anakupeleka kwenye anachotaka. Huko nyuma shida yetu ilikuwa kinyume kabisa, alikuwa hali, yaani wali mweupe na chipsi basi, mboga ikigusa wali sahani inaruka. Sasa tangu mwaka huu umeanza mambo yamegeuka. Anakula anamaliza, anasimama hapohapo anaenda jikoni anafunua masufuria, anakomba ukoko, anachota sukari kwa mkono, juzi nimemkuta na unga wa sembe mkavu mdomoni. Nikimzuia anajigonga kichwa ukutani, anajing'ata mkono, majirani wanadhani napiga mtoto.

Usiku ndo balaa lenyewe, saa nane nasikia friji linafunguliwa. Asubuhi akifungua macho neno la kwanza ni andazi, anarudia andazi andazi andazi mpaka apate, akishapata anahamia kwenye wali na wali wenyewe ni wa saa saba mchana. Dukani kwa Mangi sipiti naye tena maana analala chini. Sare ya shule tuliyoshona Januari kiuno hakifungi.

Mama mkwe anasema nimnyime atazoea, mume wangu anasema mwache ale mtoto wa watu hana starehe nyingine duniani, dada wa kazi ndo ameshasema mwezi ukiisha anaondoka. Naomba kujua, huu ni usonji wenyewe au kuna kitu kingine? Na nyie mnamdhibitije mtoto bila kumgeuza mfungwa ndani ya nyumba yake?

kijiwe_nongwa

Mpe dawa ya minyoo huyo. Mtoto anakula hashibi ni minyoo tu, sisi zamani tulikuwa tunapewa na tunatulia. Na mnawadekeza sana watoto siku hizi kila kitu mnasema usonji.

BiNuru_Ilemela

Mdogo wangu pole sana. Na wewe wa minyoo hapo juu, dawa ya minyoo apewe kila baada ya miezi 6 kama watoto wengine wote, hakuna ubishi, ila tusidanganyane kwamba mtoto anayeamka saa nane za usiku kuvamia friji, anayejigonga kichwa ukutani, atapona kwa kidonge kimoja cha kutafuna. Na kudeka hakupo hapo.

Mi binti yangu ana miaka 13, njia hiyo tumeipita. Nitakwambia ya nyumbani, ya hospitali watakuja wanaojua.

Anza na jiko. Jiko langu lina mlango na mlango una komeo juu kabisa ambako hafiki, na linafungwa na kila mtu anayetoka mle, baba, kaka zake, mgeni, wote, maana mmoja akisahau mara moja basi yeye atakuwa anakagua ule mlango wiki nzima. Watu watakwambia unamtesa. Waache waseme. Mtoto ambaye kichwa chake kinamwimbia chakula kutwa nzima, kuliona sufuria na kuambiwa usiguse ndo mateso yenyewe. Binti yangu alitulia komeo lilipowekwa, kwa sababu kabla ya hapo kila akipita jikoni ni vita, anashindwa, anagombezwa, analia, anarudi tena. Sukari, unga, maziwa ya kopo, karanga, vyote viko juu ya kabati kwenye ndoo zenye vifuniko vya kukaza. Kinachobaki wazi ni maji tu na matunda niliyoyahesabu ya siku hiyo kwenye bakuli lake. Yakiisha yameisha na anaona mwenyewe bakuli ni tupu, sio mama ndo kasema hapana. Hiyo tofauti ni kubwa mno kwa hawa watoto usiidharau.

Halafu hilo neno andazi asubuhi hadi jioni, mtengenezee ratiba ya picha. Piga kwa simu picha za vyombo vyenu wenyewe, kikombe chake cha uji, sahani yake ya wali, beseni lake la kuogea, peleka steshenari wakutolee, bandika ukutani kwa mpangilio wa siku. Akisema wali mpeleke kwenye picha mguse pamoja, kwanza kuoga, halafu kucheza, halafu wali. Kitu kikishafanyika bandua picha tia kwenye bahasha. Siku za mwanzo atalia na atabandua picha ya wali akuletee mkononi, mwambie nimeona, mrudishe ukutani. Usitoe chakula kwa sababu kalia. Ukitoa siku moja tu atajua kulia kunalipa, tena kesho atalia zaidi ya jana ili afike palepale.

Na hotipoti lisije mezani kabisa. Pakulia jikoni, mboga na maharage vijaze nusu ya sahani, wali uwe kidogo, sahani yenyewe ndogo. Nyongeza akitaka ni tango au mchicha, na asipotaka tango ujue ile haikuwa njaa. Akimaliza tu atoke mezani aende kwenye kitu anachokipenda, usimwache amekaa anaangalia wengine wanakula, tumbo linachukua kama dakika 20 kupeleka taarifa kichwani na kwa hawa wetu taarifa yenyewe wakati mwingine haifiki.

Soda na juisi za paketi ziondoke nyumbani kwa wote. Kaka zake watanung'unika, wakanywe shuleni huko.

nesi_wa_zamu

Mama K pole. Kabla sijasema lolote naomba unijibu haya, maana kula kupitiliza kwa mtoto mwenye usonji kuna milango mingi na kila mlango una ufunguo wake. Kuna dawa yoyote anatumia ya kutuliza au ya kifafa, na alianza lini? Alipokuwa mchanga alinyonya vizuri au alikuwa mlegevu sana, hana nguvu hata ya kunyonya? Siku hizi anakunywa maji kupita kawaida na kukojoa mara kwa mara? Anapata choo kila siku? Usingizi je?

mamaK_tabata

Shikamoo Bi Nuru, asante sana, hapo kwenye bakuli tupu nimeelewa.

Nesi, dawa ndiyo, alianzishiwa risperidoni mwishoni mwa mwaka jana kwa sababu alikuwa anajiumiza na kumpiga mdogo wake, na kiukweli kwenye hilo imemsaidia sana. Hospitali tulikopewa hatukuambiwa habari ya hamu ya kula, tuliambiwa atasinzia tu. Kunyonya alinyonya vizuri sana na alikuwa mtoto wa nguvu. Maji anakunywa kawaida. Choo ni shida, anaweza kukaa siku tatu na kikitoka ni kigumu. Usingizi analala saa nne anaamka saa nane huyo jikoni.

Na kitu kingine nimekumbuka, shuleni wanampa biskuti kila akifanya vizuri, akikaa biskuti, akiandika biskuti, akisema neno biskuti. Anarudi nyumbani na mfuko wa begi umejaa chengachenga.

nesi_wa_zamu

Basi mama K sehemu kubwa ya jibu umeshaisema mwenyewe. Risperidoni inaongeza hamu ya kula, tena kwa watoto kuliko watu wazima. Inazuia njia za dopamini, kemikali ya kupeleka ujumbe kwenye ubongo, ndo maana hasira zinatulia, ila inagusa pia za kemikali nyingine, histamini na serotonini, na hizo zinahusika kuuambia mwili sasa umeshiba. Kwa hiyo ukimwambia mtoto huyu acha ulafi ni kama kumwambia mwenye homa acha kupata joto. Utafiti uliofanya dawa hii ijulikane kwa usonji ulitoka Marekani 2002, watoto 101, wiki 8 tu, waliokunywa dawa waliongezeka wastani wa kilo 2.7 na waliopewa kidonge kisicho na dawa kilo 0.8. Wiki nane hizo, sasa wewe una miezi mingapi? Marekani waliiruhusu rasmi kwa watoto wenye usonji 2006, na kuongezeka uzito kunajulikana siku zote, ulitakiwa uambiwe.

Sasa naomba unisikilize vizuri hapa. USIIKATE mwenyewe. Ukiikata ghafla zile fujo zinaweza kurudi zaidi ya zamani na mwili wake nao utasumbuka. Rudi kwa dokta aliyekuandikia au daktari wa afya ya akili ya watoto, uliza waziwazi, je dozi inaweza kupunguzwa, je inafaa kubadilishiwa aripiprazoli ambayo kwa wengi haipandishi uzito kiasi hicho ingawa nayo inapandisha, na je metformini inamfaa. Hiyo ya mwisho ni dawa ya kisukari lakini ilishajaribiwa kwa watoto wenye usonji wanaonenepa kwa dawa hizi, majibu yakatoka 2016, na ilisaidia kudhibiti uzito, japo inaweza kuvuruga tumbo. Hayo ni maamuzi ya daktari, we kazi yako ni kuuliza bila kuogopa. Dai pia apimwe uzito, urefu, sukari na mafuta kwenye damu, na hivyo vipimo virudiwe, si mara moja imetoka.

Kwa wengine mnaosoma, dawa ya kifafa ya sodiamu valproeti nayo inafanya hivyohivyo.

Choo usikichukulie poa. Tumbo likijaa linauma, na mtoto asiyeweza kusema tumbo linaniuma anajua kitu kimoja tu, kwamba kuna kitu hakiko sawa mle ndani, na tiba anayoijua ni kula. Maji, papai, mboga, na mwambie dokta ampe dawa ya kulainisha, wengi usiku unatulia choo kikinyooka.

Nilikuuliza kunyonya kwa sababu kuna hali inaitwa Prader-Willi, ilielezwa 1956 na madaktari wa Uswisi, ni tatizo la kromosomu ya 15, zile nyuzi zinazobeba vinasaba mwilini. Mtoto anazaliwa mlegevu mno, kunyonya hawezi, halafu akishapita miaka kadhaa anageuka kuwa mtu wa njaa isiyoisha, anaiba chakula, anakula hata kilichotupwa. Wengi wao ni wafupi, mikono na miguu midogo, na baadhi wana tabia za usonji kwa hiyo wanaweza kuishia kuitwa usonji tu. Kutapika kwao ni kwa shida na wanaweza kula mpaka tumbo likapasuka, si utani. Wako haelekei huko, ila kama kuna mzazi hapa amesoma akaona ndo mtoto wake, aombe kipimo cha kinasaba. Na maji na mkojo niliuliza kwa ajili ya kisukari, mtoto anayekula sana huku ANAKONDA na anakojoa sana apelekwe siku hiyohiyo.

kijiwe_nongwa

Sawa nesi nimekuelewa. Sikujua kuna dawa inafanya hivyo.

babake_wa_kisauni

Assalaam aleikum dada, mi niko Mombasa, kijana wangu ako na miaka 11. Nesi amemaliza mambo ya dawa, mi nigusie hizo biskuti za shule. Hiyo kitu iliniudhi sana kwa shule ya kwanza ya kijana wangu. Mtoto anafanyiwa mazoezi ya kukaa, anapewa kachiri, ya kuangalia, kachiri, ikawa akimwona mwalimu yule anafungua mdomo tu. Masomo yote kwake yakawa ni chakula, halafu mzazi jioni unaambiwa mtoto wako ni mroho. Tukakaa na walimu kikao cha heshima, hatukugombana, tukawaandikia orodha ya vitu anavyovipenda ambavyo haviliwi: mapovu ya sabuni, kubembea, kuzungushwa kwa kiti, kusikiza kaswida kwa simu dakika mbili, kutekenywa. Sasa anafanya kazi kwa ajili ya bembea na anafanya vizuri zaidi, maana bembea haishibishi wala haimalizi mfuko wangu.

Jambo lingine. Kijana wangu anauliza mahamri siku nzima lakini nilianza kumchunguza, nikaona anauliza sana kukiwa na wageni, ama stima ikipotea, ama tukichelewa kutoka. Yaani si njaa. Anauliza kwa sababu mahamri ndiyo neno anajua jibu lake, na akiuliza jibu likiwa ni lile lile moyo wake unatulia. Siku hizi namjibu mara moja, "mahamri ni asubuhi", namwonyesha picha, kisha simjibu tena, namshika mkono tunatembea mpaka ufuoni ama hata kuzunguka nyumba tu. Ukijibu mara mia wallahi atauliza ya mia na moja.

Na bibi. Sijui mama mkwe wako anakaa karibu? Huku kwetu nyanyake ndiye alikuwa mtihani, mchana anasema mnyimeni, usiku anampa mabuyu na viazi karai kwa siri kwa kuwa "mtoto anatamani". Sikumkataza, ningeanza vita na mama yangu mzazi. Nilimpa kazi, nikamwambia mama wewe ndiye mwenye tunda la saa kumi, mtu mwingine asiguse, hilo ni lako na yeye. Akafurahi, na mabuyu yakapungua. Hayajaisha, nisikudanganye.

tibakwavitendo_moshi

Nimechelewa ila naomba niongeze upande wangu, mi ni mtaalamu wa tiba kwa vitendo (occupational therapy), yaani tunawasaidia watoto kumudu shughuli za kila siku kwa mazoezi. Kuna hisia watu hawaizungumzii sana, ya kuhisi ndani ya mwili, njaa, kiu, mkojo, moyo kwenda mbio. Baadhi ya watoto wenye usonji ishara hizo zinawafikia kwa udhaifu au zimechanganyika, anaweza asile kutwa nzima na asijue ana njaa, au akala na asijue amejaa. Ndo maana huyu mtoto zamani alikuwa hali na sasa anakula bila kikomo, inawezekana breki hakuwahi kuwa nazo imara na dawa imekuja kuongeza mafuta. Mnaweza kufundisha taratibu, kabla ya kula mshikishe tumbo lake, sema tumbo tupu, mwonyeshe picha, baada ya kula mshikishe tena, tumbo limejaa. Haileti matunda haraka lakini ndo kumpa lugha ya mwili wake.

Halafu huo unga mkavu na ukoko vimenivutia. Angalia anachotafuta, ni kushiba au ni kutafuna? Wengine mdomo ndo unataka kazi, wanatafuta kitu kigumu, kinachovunjika, kinachokwaruza. Ukiona anatafuna na kola za shati, penseli, kamba za viatu, basi mpe cha kutafuna kwa saa maalum, karoti, miwa uliyomkatia vipande, mahindi ya kuchoma, na awe amekaa na mtu mzima yupo karibu asije akapaliwa. Kuna na vitu vya mpira vya kutafuna vimetengenezwa kwa kazi hiyo, asitafune mpira wowote wa mtaani. Akila udongo, chaki, povu la godoro, hilo ni suala jingine, apimwe damu kama ina upungufu wa madini ya chuma.

Na mwili uchoke. Kazi nzito kabla ya ule muda anaoanza kusumbua, kubeba ndoo nusu, kusukuma kiti chenye mtu, kufua, kuruka kwenye godoro. Kukanda unga wa chapati ni zoezi zuri sana la mikono ila kwenu msikande jamani, sio sasa.

mamaK_tabata

Jamani asanteni, nimesoma nimesoma tena. Kliniki nimepata Jumatano. Na kola za shati anatafuna, zote zimekuwa nyuzi, nilidhani ni utundu. Mwalimu nitamwandikia leo.

Ila Jumamosi kuna kipaimara cha mtoto wa dada yangu, ukumbini, chakula ni cha kujipakulia, kuna na keki. Nisiende? Nikimwacha na dada wa kazi ndo nimemfukuza kazi kwa vitendo.

BiNuru_Ilemela

Nenda, na mtoto nenda naye, msijifungie ndani kama mna deni la watu. Ila ale nyumbani kabisa kabla ya kutoka, chakula cha kawaida. Mpigie dada yako leo uombe meza ya karibu na mlango na mbali na vyakula, mgongo wake uangalie masufuria. Beba kontena lake lenye chakula chake kile anachokijua, na vipande vya miwa kama huyo wa Moshi alivyosema. Wengine wakienda kupakua yeye anafungua lake, asisimame kwenye foleni hata kama shangazi zake wanamwita. Picha nazo beba, kanisani, ukumbini, kontena, nyumbani, ili aone na mwisho wa safari.

Keki mkubaliane na baba yake mapema, MC akitangaza tu keki inaletwa baba na mtoto wanatoka nje kuangalia magari, wakirudi keki imeshagawiwa na yake kipande kimoja kimefungwa kwenye tishu, kitaliwa nyumbani kikiwa kwenye picha ya Jumapili saa kumi. Na wale ndugu wa "mpe tu kidogo mtoto wa watu", wawekee baba yake, akae upande wao.

nesi_wa_zamu

Na kuanzia leo mpaka Jumatano andika kwenye daftari, anachokula, saa ngapi, saa aliyokunywa dawa, choo, alichokuwa anafanya kabla hajaanza kuomba. Dokta akiona hilo daftari hatakupa dakika tano za juujuu.

mamaK_tabata

Daftari nimeanza. Fundi wa komeo anakuja kesho asubuhi. Nitarudi kuwaambia dozi wamesemaje.